Mama Anataka Kumwona Mjukuu: Mada Kuhusu Viza ya Uingereza kwa Wazazi Wetu

(Hii ni mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa chama, waliokuwa nyumbani na walioko ughaibuni, kwa njia ya mtandao. Tumepunguza salamu tu, mengine tumeyaacha kama yalivyosemwa.)

Najua wengine mmekuja mkidhani leo tutaongelea tume ya uchaguzi. Tutafika huko wiki ijayo. Leo nimeombwa niongelee jambo ambalo kila kikao kikiisha watu wananitumia ujumbe pembeni kuuliza: namna gani nimlete mama, au mshua, aje Uingereza anitembelee halafu arudi zake.

Na msidhani inawahusu wa huku peke yao. Wewe wa Moshi, wa Tukuyu, wa Newala, ndiye utakayekaa na bi mkubwa pale steshenari, umjazie fomu mtandaoni, yeye akuamini kwamba ulichoandika ndicho alichosema. Kaka yako wa Leicester anatuma hela na karatasi. Kazi yenyewe unaifanya wewe.

Tuanze na yaliyo mepesi. Viza yenyewe ni ile ya mgeni wa kawaida, ya kutembelea. Mwenye nayo haruhusiwi kukaa zaidi ya miezi 6 kwa safari moja. Maombi yanafanyika kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk, si kwingine, na huwezi kuomba zaidi ya miezi 3 kabla ya siku ya safari. Ada iliyoanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 127, yaani zaidi ya shilingi laki nne za kwetu, na ada hizi huwa zinapanda, kwa hiyo angalieni siku mnayolipa. Ukikataliwa hairudi. Baada ya kulipa, mzazi anakwenda mwenyewe kituoni Dar es Salaam kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Kwa kawaida jibu linatoka ndani ya wiki 3 baada ya hapo. Kipimo cha kifua kikuu hakihitajiki kwa anayekuja kwa miezi 6 au chini, kwa hiyo mtu akikudai hela ya kipimo hicho kwa safari ya kutembelea, anakula hela yako.

Sasa tuingie kwenye penyewe. Mara nyingi hakuna usaili. Mama hatakaa mbele ya mzungu ajieleze, atoe machozi, aonyeshe picha ya mjukuu. Karatasi ndizo zitakazomsemea. Na sheria yao imeandika wazi kwamba mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kuwa ni mgeni wa kweli: ataondoka muda ukiisha, hatageuza ziara kuwa makazi, hatafanya kazi, na safari yake ina hela ya kutosha. Ukiyachuja yote unabaki na swali moja tu, huyu mama atarudi? Wengi wetu tunajibu swali lingine. Tunajaza karatasi kuonyesha jinsi mtoto wa London anavyojiweza, nyumba yake, mshahara wake, gari lake. Afisa anasoma anasema sawa, kijana anajiweza, na mama je, huko kwao ana nini cha kumrudisha?

Hapo ndipo penye shida, na hapo siasa inaingia, mtake msitake. Mama ana cha kumrudisha. Ana shamba la kahawa na migomba, ana ng'ombe wawili, ana kikundi cha VICOBA ambacho yeye ndiye mweka hazina, ana mume mgonjwa, ana wajukuu wengine watatu anaoishi nao. Maisha yake yote yako pale. Ila hayako kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji tunayo tangu 1999, na inampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Haya, ulizeni hapo kwenye kata zenu, wazazi wangapi wanayo hiyo hati mkononi. Shamba limelimwa tangu babu, mipaka inajulikana kwa mti wa msesewe, na serikali yako haijawahi kumpa karatasi moja inayosema hili ni la mama fulani. Hatuoni uzito wa jambo hili mpaka siku mgeni wa mbali anapotaka uthibitisho.

Kwa hiyo mnafanyaje? Mnakusanya vidogo vidogo vinavyosema ukweli. Barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, inayotaja shamba na watu anaoishi nao. Stakabadhi za mauzo ya kahawa kutoka chama cha msingi, za misimu miwili mitatu. Kama ana duka, leseni na namba ya mlipakodi. Kama ni mwalimu mstaafu, karatasi ya pensheni ya PSSSF na taarifa ya benki inayoonyesha pensheni ikiingia mwezi kwa mwezi. Daftari la VICOBA na barua ya mwenyekiti wa kikundi. Cheti cha ndoa, kama mume anabaki. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe Kiingereza, na mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano yake. Si kazi ya binamu aliyefaulu Kiingereza kidato cha nne, samahani binamu.

Tuje kwenye hela. Hili nalikazia kwa sababu ndilo ninaloliona sana kwenye barua za kukataliwa ambazo wanachama wananionyesha. Chukueni mfano wa mama anayeingiza laki tatu kwa mwezi kwenye genge lake. Akaunti yake ina shilingi elfu themanini, siku nyingine elfu ishirini. Wiki mbili kabla ya maombi zinaingia milioni nane kwa mpigo. Watoto wamechangishana ili "akaunti ionekane". Afisa anaona nini? Anaona hela ambayo si ya mama, imewekwa ili yeye aione. Hapo hata yale mengine ya kweli yanaanza kunuka.

Na wala haikuwa lazima! Kanuni zao zinaruhusu mtu mwingine amgharamie mgeni, mradi ana uhusiano wa kweli naye, yuko Uingereza kihalali au yuko nje ya nchi hiyo, na ataweza kweli kumgharamia. Mtoto anaruhusiwa kumlipia mama yake. Basi semeni hivyo. Akaunti ya mama iache ilivyo, na elfu themanini zake. Kwenye fomu andika: kipato changu ni laki tatu, matumizi yangu ni laki mbili na nusu, safari hii mwanangu analipa tiketi na chakula, nitakaa kwake. Halafu mtoto aweke taarifa zake za benki za miezi 6, hati za mshahara, uthibitisho wa hadhi yake ya ukaaji, mkataba wa nyumba unaoonyesha kuna pa kulala. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mama, maana hicho ndicho kinachoonyesha kwamba huyu ni mama yake kweli. Kama mama anatumia akaunti ya simu zaidi ya benki, chukueni taarifa ya miamala ya simu. Ni maisha yake halisi, na yanasomeka.

Tukiwa kwenye vyeti, majina. Jamani, majina! Kwenye cheti cha mtoto mama ni Mariamu Saidi. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mariam Said Juma. Kwenye pasi ni Mariam S. Kimaro, kwa jina la mume. Sisi wote tunajua ni mama yule yule. Kompyuta haijui. Mkaeni kabla ya pasi mpya haijaombwa, maana pasi ni shilingi 150,000 na kurekebisha baadaye ni usumbufu, mlinganishe kila karatasi. Penye tofauti nendeni kwa wakili mkaape kiapo cha majina, mkitie kwenye maombi pamoja na maelezo mafupi. Fanyeni hivyo mapema, wakati hakuna haraka ya msiba wala uzazi.

Nisimame kidogo kwenye uzazi, maana ndiyo sababu kubwa ya wazazi wetu kusafiri. Dada anajifungua Birmingham, mama anataka kuja. Kwetu hili halihitaji maelezo, mama asipokuja majirani ndio watauliza. Sasa unamwuliza mama unakwenda kufanya nini, anasema "naenda kumlelea mwanangu mtoto". Wewe wa steshenari unaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza: anakuja kutunza mtoto. Umemtafsiria mama kuwa yaya. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi, hata isiyo na malipo mahali pa mfanyakazi, na sentensi hiyo inasomeka kana kwamba dada amekwepa gharama ya mlezi. Mwongozo wao wenyewe unakubali kwamba ndugu aliyekuja kutembelea anaweza kukaa na watoto wa familia, mradi ni ziara ya kweli, ya muda mfupi, na haijawa ajira. Kwa hiyo sitaki mfiche. Nataka muandike kilicho kweli kwa ukamilifu wake: anakuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, kukaa na binti yake wiki 6 baada ya kujifungua, kisha anarudi kabla ya msimu wa kuvuna kahawa. Binti yuko likizo ya uzazi, ndiye anayemtunza mtoto wake.

Mmeona hizo wiki 6? Msiombe miezi 6 kwa sababu inaruhusiwa. Mama mwenye genge, ng'ombe na mume mgonjwa anaachaje vyote nusu mwaka? Ukiomba miezi 6 umeharibu ushahidi wako mwenyewe. Muda ulingane na maisha yake.

Vishoka. Kuna mwanachama wetu, jina naliacha, mama yake alipelekwa kwa "mtu wa viza" mmoja mjini. Akalipa zaidi ya ada yenyewe mara tatu. Yule bwana akamtengenezea barua ya ajira: mama wa miaka 61 akawa afisa manunuzi wa kampuni ambayo hajawahi kuisikia. Namba ya simu ya kampuni ilikuwa ya kishoka mwenyewe. Mama hakujua, hasomi Kiingereza. Lakini aliyeomba ni yeye, na tamko la mwisho la fomu ni lake. Adhabu ya udanganyifu kwenye maombi inaweza kuwa kukataliwa kwa miaka 10. Miaka 10 kwa mtu wa miaka 61, pigeni hesabu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, msomee mama fomu nzima kwa Kiswahili, swali kwa swali. Itachukua saa moja na nusu. Mnunulie soda.

Na wakikataa? Zamani aliyekuwa anatembelea familia alikuwa na haki kamili ya kukata rufaa mbele ya jaji. Bunge lao likaiondoa, ikaisha rasmi Juni 2013. Kilichobaki ni hoja ya haki za binadamu, nayo ni nyembamba sana kwa ziara, au kuomba mapitio ya kimahakama, ambayo ni ghali. Wanaosema siasa haiwahusu waangalie hapo: kura za wabunge ndizo zilizomnyima bibi wa Rombo jaji. Kwa wengi wetu njia iliyobaki ni kuomba upya. Msiombe upya kesho yake na karatasi zile zile. Ichukueni barua ya kukataliwa, mpige mstari kila sababu, na kila sababu ipate karatasi yake mpya. Na fomu itauliza kama umewahi kukataliwa. Jibu ndiyo, eleza.

Bima ya safari si sharti la viza, ila mimi nasema ni lazima. Mgeni akilazwa hospitali za serikali kule anatozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa linaweza kumzuia kupata viza tena. Mzazi mwenye presha na sukari aje na dawa zake za kutosha na karatasi ya daktari.

Kuna aliyeuliza kwenye ujumbe, kwa nini asichukue uraia wa kule yaishe. Utachukua, na Sheria ya Uraia ya kwetu itakuvua wa kwako. Halafu mama anaomba viza kuja kukuona, na wewe unalipa dola 50 za viza kwenda kumzika. Ajenda ya uraia pacha tunayo na tutaipigania, ila mama hawezi kuisubiri.

La mwisho ni la mpakani. Viza haimalizi kazi, afisa wa Heathrow anaweza kumwuliza tena. Mama awe na karatasi moja mkononi, si kwenye begi kubwa: jina na simu ya mtoto, anwani, tarehe ya kurudi, nakala ya tiketi. Akiulizwa ajibu kwa Kiswahili kama Kiingereza hakipandi, ana haki ya kuomba mkalimani. Kinachotia shaka ni mtu kusema ndiyo kwa kila swali asiloelewa. Na maparachichi na nyama choma ya kuku aliyoifunga kwenye gazeti aviache Kilimanjaro, nyama hairuhusiwi.

Haya, nimezidisha dakika. Mwenyekiti, naona mikono mitano juu. Tuanze na yule dada wa Mtwara, halafu kamanda wa Reading.