Kapu la Simu: Mwalimu, Mwajiri na Saa za Darasani
Mhadhara wa umma, Musoma

Hoja ninayokuja kuipinga wengi wenu mmeisikia, na baadhi yenu mmeitetea. Inasema kwamba walimu hawafundishi kwa sababu wanachezea simu. Basi mwalimu akifika shuleni asubuhi asaini kitabu cha mahudhurio, aweke simu yake kwenye kapu mezani kwa mwalimu mkuu, aichukue kengele ya kutoka ikishagongwa. Nitaiita hoja ya kapu. Wanaoitetea ni watu makini: wajumbe wa kamati za shule, madiwani, wazazi waliochungulia dirishani wakakuta darasa linapiga kelele huku mwalimu ameinamia kioo. Hasira yao ni halali, na sitaki mtu atoke humu akisema nimekuja kuwatetea wavivu. Ninachokataa ni maelezo yao ya chanzo cha tatizo, na kanuni wanayotaka kuijenga juu ya maelezo hayo.

Niwaondolee kwanza mashahidi wawili wanaoitwa mara nyingi bila kuulizwa walichosema. Wa kwanza ni Ufaransa, iliyotunga sheria ya simu shuleni mwaka 2018. Sheria ile inawahusu wanafunzi wa shule za msingi na za sekondari ya chini; mwalimu haimgusi. Wa pili ni utafiti wa wachumi uliochapishwa London 2015, uliolinganisha shule za Uingereza kabla na baada ya kupiga marufuku simu, ukaona alama zimepanda, hasa za wanafunzi waliokuwa nyuma. Utafiti mzuri, lakini simu zilizozuiwa ni za watoto. Kuchukua matokeo ya mtoto wa miaka 16 na kumvika mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, mkataba wa ajira na familia, ni kuruka hatua nzima ya hoja. Kuhusu wanafunzi wetu wenyewe hatuna ugomvi: shule zetu zinawakataza, na sioni sababu ya kulifungua upya jambo hilo.

Tuje nyumbani. Ushahidi ninaouheshimu kuliko mwingine wote kuhusu saa za kazi za mwalimu wa Tanzania ni ripoti za Benki ya Dunia za viashiria vya utoaji huduma, zilizokusanywa 2010 na kurudiwa 2014. Nawaomba mnivumilie nikae hapa kidogo, kwa sababu ripoti hizi zinatajwa sana na kusomwa kidogo. Uzuri wake uko kwenye njia. Watafiti hawakumwuliza mwalimu mkuu kama walimu wake wanafundisha, maana jibu la swali hilo linajulikana kabla halijaulizwa. Walifika shuleni, wakachukua majina ya walimu, kisha wakarudi siku nyingine bila taarifa na kumtafuta kila aliyechaguliwa kutoka kwenye orodha hiyo. Yuko shuleni au hayuko? Kama yuko, yuko darasani au yuko nje? Ni hesabu ya miguu na macho, haitegemei maneno ya mtu. Mwaka 2010 walimu 23 hivi katika kila 100 hawakuonekana shuleni, na waliokosekana darasani walipita nusu. Mwaka 2014 waliokosekana shuleni walishuka hadi karibu 14 katika 100, lakini waliokosekana darasani walikuwa bado 47 hivi.

Tazameni nafasi iliyo kati ya 14 na 47. Hao ni theluthi nzima ya walimu wote: walifika kazini, wakasaini, wakawa ndani ya eneo la shule, na bado darasa lao halina mwalimu. Wengine walikuwa ofisini wakisahihisha madaftari ya mikondo yenye watoto mia na zaidi. Wengine walikuwa kwenye kikao, wengine wakiandika andalio la somo ambalo mthibiti ubora ataliulizia, na wengine, tuseme kweli, walikuwa chini ya mti wakipiga soga. Sasa kumbukeni mwaka 2010 ulivyokuwa hapa Mara. Simu iliyokuwa mfukoni mwa mwalimu wa Bunda au Majita ilikuwa ile ya tochi: inapiga, inapokea, inatuma ujumbe na pesa, basi. Hakuna mtu aliyeshinda akichezea simu ya tochi. Na kati ya 2010 na 2014 simu ziliongezeka, huku utoro ukipungua. Sisemi simu ndizo zilizowarudisha walimu darasani. Huo ungekuwa upuuzi wa aina ileile ninaoupinga. Ninachosema ni kwamba darasa lisilo na mwalimu lilikuwepo kabla ya simu janja, kwa kiwango kikubwa zaidi, na aliyeisoma ripoti ile hawezi kusimama mbele ya wazazi akadai chanzo ni WhatsApp.

Nitajibiwa kwamba takwimu hizo zimezeeka: tangu 2014 bando limeshuka bei, video fupi zimeingia, na mtu mzima anaweza kupoteza saa nzima bila kujua. Jibu hilo lina uzito nami nalikubali nusu. Kioo cha leo kinashika macho kuliko tochi ya jana. Lakini mwalimu anayeonekana ofisini na simu mkononi saa nne asubuhi amekosa darasani kabla hajakosa kwa simu. Mnyang'anye simu, na usipobadilisha mambo yaliyomweka ofisini, atabaki na soga, gazeti au usingizi. Mzazi aliyechungulia dirishani aliona simu kwa sababu simu inaonekana. Ratiba isiyosimamiwa haionekani dirishani.

Sasa niingie kwenye kiini. Tunasema "simu binafsi" kana kwamba jambo hilo ni wazi. Fuateni asubuhi moja katika shule ya msingi ya serikali, iwe Kisorya, Kiabakari au Nyakato hapa mjini. Shule haina simu ya mezani. Namba iliyoandikwa kwenye barua zake ni laini ya mwalimu mkuu, aliyoisajili kwa kitambulisho chake na kuijaza vocha kwa mshahara wake. Walimu wa madarasa wanahesabu watoto, mwalimu wa zamu anajumlisha waliopo na wasiopo, kisha anapiga picha ukurasa huo na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la kata. Ikifika saa tatu na nusu unaingia ujumbe: takwimu za watoto wenye mahitaji maalumu, au idadi ya madawati mabovu, zinahitajika haraka kabla ya saa sita, wilaya inasubiri. Herufi kubwa, alama za mshangao tatu. Mwalimu anayejua idadi hiyo yuko darasa la nne anafundisha sehemu za kumi. Ataitwa. Ataacha chaki. Mzazi akipita dirishani dakika hiyo ataona mwalimu ameinamia simu, na atakuwa ameona sawasawa. Asichoweza kuona ni nani aliyetuma ujumbe.

Huo ni ujumbe wa kundi tu. Ukiongeza mifumo rasmi, hesabu inakua. Majina ya wanafunzi yanaingizwa kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Likizo na maombi ya uhamisho hupitia mfumo wa watumishi wa ESS. Tangu mwanzoni mwa 2024 mtumishi anatakiwa kujaza majukumu yake na utekelezaji wake kwenye PEPMIS, na walimu wengi wamefanya hivyo kwa kioo cha inchi sita na bando lao. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yana moduli zinazosomwa mtandaoni. Yote haya ni kazi ya umma, na yote yanakaa ndani ya kifaa ambacho hoja ya kapu inakiita cha binafsi. Mwajiri amehamia ndani ya simu ya mwalimu bila kulipa kodi ya pango, na sasa anataka kumshitaki mwenye nyumba kwa kukaa nyumbani kwake.

Watetezi wa kapu wanalo jibu la haraka: serikali iligawa vishikwambi. Ni kweli. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vifaa vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu, na ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini kishikwambi kisicho na bando hakitumi takwimu, na kundi la kata limefungwa kwenye namba ya mtu. Ujumbe unamfuata mwalimu kwenye laini yake, palepale unapoingia ujumbe wa shemeji na wa yule mkopeshaji wa kausha damu anayedai rejesho. Huyo wa mwisho, kusema kweli, ndiye angestahili kapu.

Mji huu unayo kumbukumbu inayofaa kutumika hapa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe. Walimu hawakuwapo wa kutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa madarasani huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Ubora wa mpango ule umejadiliwa vya kutosha na sitauingia. Ninataka tuone jambo moja tu: serikali ilipoifanya redio kuwa chombo cha kazi ya mwalimu, ilikipa chombo hicho saa yake. Mwanafunzi-mwalimu alikuwa na muda wa kufundisha na muda wa kujifunza, na hakuna aliyetarajiwa kuacha darasa ili asikilize kipindi. Simu imepewa kazi kubwa kuliko redio ile, na hakuna aliyeipangia saa.

Iko hoja moja ya upande wa pili isiyo ya hasira wala ya mazoea, nami naiweka juu ya nyingine zote: usalama wa watoto. Mwaka 2009 mjini Plymouth, Uingereza, mlezi katika kituo cha watoto wadogo alipatikana na hatia ya kuwadhalilisha watoto na kuwapiga picha kwa simu yake. Baada ya hapo mwongozo wa England wa malezi ya awali ukataka kila kituo kiwe na utaratibu ulioandikwa kuhusu simu na kamera. Kwetu mlango wa hatari umekaa kwingine: ni ujumbe wa mwalimu kwenda kwa binti, unaoanza na salamu na swali la somo. Sheria yetu ya elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampeleka jela miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazifanya picha za watoto zinazorushwa mitandaoni na walimu kuwa zaidi ya suala la adabu tu.

Lakini pimeni kapu kwa kipimo hicho. Ujumbe kwa binti hautumwi saa tano asubuhi darasani. Unatumwa saa tatu usiku, kwenda kwenye simu ya mama au ya dada, kapu likiwa tupu na simu iko mfukoni kwa mwenyewe. Kanuni inayomlinda binti ni ile inayosema mwalimu hamwandikii mwanafunzi faraghani, saa yoyote, kwa kifaa chochote, na shughuli ya shule inapitia kwa mzazi. Inayomlinda mtoto mdogo ni ile inayosema picha ya mwanafunzi haipigwi kwa simu ya mtu binafsi. Na kapu lina hasara yake. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi ofisini katika shule ya sekondari ya kutwa ya Mbeya. Serikali ilichukua hatua kwa sababu video ilikuwepo. Kamera ni hatari mkononi mwa mkosaji, na ni ushahidi mkononi mwa aliyemwona. Ndiyo maana nataka kanuni itaje tendo, isitaje kifaa.

Basi kanuni yenyewe haihitaji kurasa nyingi. Mwalimu akiwa darasani simu iko kimya na haiko mkononi, ila somo likiihitaji na andalio likionyesha hivyo. Shule iwe na namba yake, inayoshikwa na mtu ofisini, ili mwalimu mwenye mtoto mgonjwa zahanati ya Bweri apatikane bila kukaa akichungulia kioo. Faragha na picha nimeshazitaja. Linalobaki ndilo ninalolishikilia kwa nguvu, na sijasikia hoja ya kunifanya niliachie: marufuku ianze kwa mtumaji. Ofisa yeyote, wa kata, wa wilaya au wa mkoa, asimtumie mwalimu agizo la takwimu kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na bando la kazi lilipwe na anayeitaka kazi. Najua nitaambiwa halmashauri hazina fedha, na ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haitoshi hata chaki. Sawa. Basi takwimu zisubiri hadi saa nane. Kusubiri hakugharimu kitu.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri tano za Musoma, Bunda na Butiama, kabla hawajaandika waraka wowote kwa walimu, waandike mmoja kwa maofisa wao wenyewe. Na wajumbe wa kamati za shule, katika kikao kijacho, mwombeni mwalimu mkuu awasomee ujumbe wote wa kikazi ulioingia kwenye kundi la kata wiki iliyotangulia, pamoja na saa ulioingia. Jadilini mliyosomewa kwanza, kisha ndipo mpige kura kuhusu kapu.