Kambi Kando ya Ziwa Nakivale



Apigaye hema hutazama kwanza maji, kisha kuni. Ndivyo ilivyokuwa kwa wakimbizi wa Rwanda walipofikishwa kando ya Ziwa Nakivale, kusini-mashariki mwa Mbarara, baada ya machafuko ya mwaka 1959. Hema zilikuwa za muda, makazi yamedumu. Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi na Wasomali, na leo jumla yao yapita laki moja.

Lakini ziwa halikuongezeka. Miti ya vilimani ikatwapo, mvua huteremsha udongo majini. Nao Mto Rwizi, unaoinywesha Mbarara, huingia katika vinamasi vya maziwa ya nchi hiyo; basi taka ya mjini haibaki mjini.

Dini imekataza israfu ya maji katika udhu, hata penye mto upitao. Kwa hiyo atawadhaye Mbarara na achotaye Nakivale ni majirani, na jirani ana haki yake.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nakivale jembe limekwisha tolewa, kwani jamaa nyingi zimegawiwa mashamba. Lililobaki ni kuwapa miche, na wenyeji kupanda pamoja nao.