Jiwe la Mzani: Afya, Shaba na Uongozi Wakati wa Janga



Tarehe 10 Machi 2020 Korona ilithibitishwa Kinshasa. Siku 14 baadaye Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Shule na makanisa vilikuwa tayari vimefungwa; sasa abiria wakazuiwa kutoka Kinshasa kwenda mikoani, lakini mizigo ikaruhusiwa kupita. Ruhusa hiyo ya mizigo inaonyesha serikali ilikuwa ikipima afya na uchumi pamoja; mzani huo ndio ninaotaka tuutazame leo.

Tuanze Kinshasa. Gavana Gentiny Ngobila alitangaza kuwafungia watu wote majumbani kuanzia 28 Machi. Kabla siku haijafika, bei za vyakula zilipanda sokoni, amri ikaahirishwa. Mwezi wa Aprili ikafungwa Gombe peke yake, mtaa wa ofisi na benki. Wapo walioona huo ni udhaifu. Mimi naona serikali ilisikia ukweli: mama anayenunua unga wa leo kwa pesa ya leo hana akiba ya wiki tatu. Ukimfungia bila kumlisha, umemtoa kwenye homa ukamwachia njaa.

Kwetu Lualaba, uchumi maana yake ni shaba na kobalti. Machi ile shaba ilishuka chini ya dola 5,000 kwa tani. Migodi haikufungwa. Kampuni kadhaa ziliwaweka wafanyakazi ndani ya uzio kwa wiki nyingi, kazi ikiendelea, wake na watoto wakiwa nje. Juni 2020 mashirika ya haki za binadamu yaliziandikia kampuni za madini: watu wanalala kwa msongamano, chakula na maji havitoshi, na anayetaka kurudi nyumbani anaogopa kupoteza kazi.

Mzani wa afya na uchumi ulikaa sawa, ndiyo. Lakini jiwe lililousawazisha lilikuwa mwili wa mfanyakazi, na hakuna aliyemuuliza.

Majirani nao walilipa. Uganda ilifunga shule karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Deni likawaangukia watoto. Tanzania ya Rais Magufuli haikuwafungia watu, ila Mei 2020 iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa; raia wakabaki kuamua gizani.

Kwa hiyo kiongozi akisema amelinda afya na uchumi pamoja, tumuulize: nani amelipa? Aliafiki? Atarudishiwa nini? Mfanyakazi akizuiwa mgodini, saa zake zote zilipwe na chama chake cha wafanyakazi kishauriwe. Soko likifungwa, unga ufike mtaani kabla ya askari.

Tangu miaka ya 1950 bwawa letu la Nzilo linaipa migodi umeme. Wanaolilinda hupima kina cha maji hata kiangazi, mvua ikiwa mbali. Vivyo hivyo, makubaliano ya nani atabeba nini wakati wa janga yaandikwe sasa, kabla janga jingine halijaja, wakati tunaweza kuketi pamoja kama tulivyoketi leo.