Kidonge cha Mwenzio si Dawa Yako



Mitihani inapokaribia, taa za dakhalia za Tunguu na za nyumba za Mji Mkongwe huwaka hadi alfajiri. Katika kukesha huko ndipo mwanafunzi wa chuo anapoweza kushawishika kumeza vidonge vya kuchangamsha ubongo alivyoandikiwa mtu mwingine.

La kutazamwa zaidi ni fikra iliyo nyuma ya kitendo hicho. Kijana anayeona aibu kukutwa na mirungi huweza asihesabu kidonge cha hospitali kuwa ni ulevi. Hoja yake ni kwamba kimetoka kiwandani, kimeandikwa na daktari, nacho hutafutiwa elimu, si starehe. Hoja hiyo haina mashiko. Kathinoni, kiini cha mirungi, na amfetamini, iliyomo katika baadhi ya vidonge hivyo, ni za ukoo mmoja. Zote hudhibitiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Kinachokifanya kidonge kuwa dawa ni uchunguzi, kipimo na uangalizi wa daktari kwa mgonjwa wake. Vikikosekana hivyo, hubaki moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda, usingizi kupotea na, kwa wengine, uraibu.

Wala faida inayotarajiwa si ya hakika. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio la watu 40 wenye afya njema. Walipomeza dawa za aina hii walijitahidi zaidi, lakini ubora wa kazi yao ulipungua. Usingizi, kwa upande wake, ndio unaosaidia somo kukaa kichwani.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mwanawe ameandikiwa dawa hizo azihifadhi vyema na azihesabu. Muuza dawa asitoe kidonge bila ya cheti cha daktari. Mwanafunzi ambaye akili yake haitulii masomoni asione haya kwenda kituo cha afya kuchunguzwe hali yake. Na aliyekwisha kuzoea asifichwe ndani kwa kuchelea maneno ya majirani. Hospitali ya Kidongo Chekundu hutoa huduma za afya ya akili, na kumpeleka mapema ni kumsitiri.