Vitamu vya Bandia na Amana ya Akili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, zimeenea habari kwamba vitamu vya bandia, kama sakarini na aspatemu, vitiwavyo katika chai na soda badala ya sukari, huharibu ubongo. Dini yetu yatuamuru kuipeleleza habari kabla ya kuifuata. Basi na tuipeleleze.

Mwaka 2017 wataalamu wa uchunguzi wa Framingham, Marekani, walieleza kwamba wanywaji wa kila siku wa soda hizo walionekana kupatwa na maradhi ya Alzheimer, yauayo chembe za ubongo na kufuta kumbukumbu, karibu mara tatu kuliko wasiozinywa. Mwaka 2025 wenzao wa Brazil, waliofuatilia watumishi wa serikali 12,772 kwa miaka minane hivi, waliona kuwa waliotumia vitamu hivi kwa wingi akili zao zilififia upesi zaidi. Hayo yalidhihirika kwa walio chini ya umri wa miaka 60.

Lakini mambo mawili kufuatana si hoja kwamba moja limezaa la pili. Mara nyingi avitumiaye ni mwenye kisukari, na kisukari chenyewe huudhuru ubongo. Wataalamu hao wenyewe hawakudai kuwa wamethibitisha sababu.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari asirudie sukari kwa kuogopa uvumi. Amwulize tabibu wake. Na mwenye afya asidhani vitamu hivi ni dawa ya unene. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kwa kupunguza uzito, ila halikuwahusisha na ushauri huo wale walio na kisukari tayari. Wazazi, wazoezeni watoto maji na matunda, wasiwe watumwa wa utamu.

Ndugu zangu, akili ni amana. Kwayo tumekalifishwa sala na saumu. Kuilinda ni wajibu, na kuulinda ulimi usieneze tusiyoyajua ni wajibu vilevile, kwani neno moja la uzushi laweza kumwachisha mgonjwa tiba yake.

Ewe Mola, tuhifadhie akili zetu, uwaponye wagonjwa wetu, na utujaalie subira ya kuwatunza wazee wetu waliosahau hata majina yetu. Amin.