Chakula cha Jioni Tabora: Hotelini au Behewani?

Tabora ndipo reli ya kati, iliyofika mwaka 1912 ikiandama takriban njia ile ile ya misafara ya kale, inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Na abiria anayengojea kuunganisha safari, akitaka kula jioni kwa desturi ya Kizungu, yaani mezani, kwa kisu na uma, supu kwanza kisha nyama, aghalabu huwa na hiari mbili: hoteli kongwe iliyo karibu na stesheni, iliyojengwa zama za Wajerumani, au behewa la chakula la treni yenyewe.

Mimi naipendelea hoteli, maana jiko lisilotikisika humpa mpishi wasaa. Walakini popote utakapoketi, usiridhike na weupe wa kitambaa cha meza. Kuku mkate karibu na mfupa, na ukiona majimaji mekundu, mrudishe jikoni bila kuona haya. Saladi ya mayai na mayonezi iliyokaa katika joto la Unyamwezi zaidi ya saa mbili iache kabisa, kwani baina ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huzaana kwa kasi ya ajabu. Supu nayo ifuke mvuke.

Ukichagua behewa, hasa ukiwa na watoto, agiza mapema, kabla wateja hawajajaa, upikiwe chakula kipya badala ya kupashiwa kiporo. Uliza bei kwanza, na maji ya chupa yafunguliwe mbele ya macho yako.