Mbwa Wako Anapozaa

Naona mnacheka: mtu wa afya leo kaja na habari za mbwa! Chekeni, lakini sikilizeni. Nilipokuwa kidato cha pili, mbwa wetu alizaa usiku. Mtoto mmoja alikwama, nami kwa huruma nikamvuta kwa nguvu. Mtoto akafa, mama naye akachanika. Basi, msirudie kosa langu.

Mimba ya mbwa huchukua kama siku 63. Siku zikikaribia, mwandalie matambara safi mahali pakavu pasipo na kelele. Akianza kukataa chakula, kuhema na kuchimbachimba, ujue uchungu umekaribia. Kaa kando, mwangalie tu. Msijazane kumshangaa.

Mtoto akitoka, mama humpasulia utando na kumlamba. Asipofanya hivyo, nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu, ondoa utando puani upesi, kisha msugue kwa kitambaa mpaka alie.

Je, daktari wa mifugo umwite lini? Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka. Saa mbili zikipita na bado wamo wengine tumboni. Au maji ya kijani yakitoka kabla ya mtoto wa kwanza. Hapo usisubiri asubuhi.

Tena, mbwa mwenye uchungu huweza kumuuma hata mwenyewe. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo. Dalili zikishaanza, hakina tiba.

Haya, nani ana swali?